Shangazi wa Bweni la Juu Anaondoka Pamoja Nasi

Mwisho wa mwezi huu, siku chache tu baada ya mahafali yetu ya leo, Shangazi atakabidhi funguo za Bweni la Juu na kustaafu, baada ya kuitumikia shule hii miaka ishirini na minane. Basi mwaka huu bweni linaaga kwa mkupuo mmoja: sisi wasichana wa kidato cha nne tunaondoka na vyeti, na mlezi wetu anaondoka na magoti mabovu, kama apendavyo kusema mwenyewe. Wenzangu wamenitwisha kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa kitanda changu kilikuwa cha kwanza mlangoni, ukuta kwa ukuta na chumba chake, na wanaamini nimesikia mengi. Kweli nimesikia.

Aliajiriwa kufua mashuka, enzi ambazo mashuka ya bweni zima yalifuliwa kwa mikono nyuma ya jiko. Baadaye akasomea huduma ya kwanza, akapelekwa zahanati ya shule, na matroni wa zamani alipostaafu akapewa bweni. Baadhi ya walimu wetu wa kike walilelewa naye humu humu. Hata leo akiwatupia jicho fulani, hujikuta wakichomekea blauzi.

Sisi tulimjua tukiwa wadogo, sare zikitupwaya na masanduku yakitushinda kubeba. Wiki ya kwanza ilikuwa ya machozi matupu. Akianza mmoja, bweni zima linaitikia kama kwaya. Mwenzetu mmoja, ambaye sasa ni kiranja mkuu na kwa hiyo simtaji, alifunga sanduku lake akaenda kusimama langoni, anarudi kwa mama. Shangazi hakumkemea. Alimfuata, akashika upande wa pili wa sanduku.

"Haya mwanangu, twende nikusindikize. Ila safari ni ndefu, tule kwanza."

Wakala. Msafiri akashiba, akasinzia pale pale mezani, na alipozinduka kengele ya vipindi ilikuwa imeshagongwa.

Miaka ikapita hivyo. Tulisukana nywele kwenye ngazi kila Jumamosi, tukagombea mabeseni, tukavaa sweta moja watu watatu kwa zamu. Mablanketi yaliyoanikwa yalirudi ndani yakinukia jua. Wakati huo tuliona shule haiishi, kila mmoja akiomba tufunge upesi. Laiti tungejua kwamba siku hizo hizo tutakuja kuzitamani!

Kidato cha tatu, jambo likatufika. Twiga, mchezaji wetu mrefu wa mpira wa wavu, ni mtoto wa pekee wa mama mjane, fundi cherehani. Mama huyo alipata kiharusi. Twiga akaitwa katikati ya kipindi cha jiografia, akaenda nyumbani, hakurudi. Alipoletwa mwanafunzi mgeni, Shangazi alikataa katakata kumpa kitanda cha Twiga. "Hiki kina mwenyewe," alisema, akamtafutia mgeni mahali pengine. Sisi tulinong'ona kwamba mwenyewe ndiyo kaenda moja kwa moja. Nani angemwacha mama asiyeweza kunyanyua hata kikombe?

Mwezi huo Shangazi alikuwa akienda likizo. Binti yake, anayeishi mbali sana, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na Shangazi alikuwa amemfumia mjukuu sweta la manjano. Tulilisifu kwa moyo mmoja, ingawa mkono wa kushoto ulizidi wa kulia. Tulimsindikiza hadi langoni, kila mmoja akimpa salamu za mtoto.

Siku chache baadaye, tukiwa kwenye chakula cha mchana, Twiga akaingia na sanduku lake. Tulimrukia. Tukamuuliza mama anaendeleaje, na nani yuko naye.

"Shangazi," akajibu. "Amenifukuza nyumbani kwetu."

Kumbe hakwenda kwa mjukuu. Alishukia kwa fundi cherehani, akavua viatu mlangoni, akamwambia Twiga, "Mitihani haimngoji mtu. Mama yako nitamwogesha mimi. Wewe nenda shule." Likizo yake yote iliishia hapo, akimlisha mgonjwa, akimnyoosha mkono na mguu, huku akimbembeleza mama mdogo wa Twiga mpaka akakubali kuhamia pale kumtunza dada yake. Sweta lilipelekwa kwa basi. Binti yake hakufurahi. Shangazi aliporudi bweni nilimsikia kwenye simu: "Najua, mwanangu. Najua. Hata mimi namtamani." Nami nikajifanya nasoma.

Leo mama yake Twiga ameketi nasi ukumbini, mkongojo wake ukiwa umeegemezwa kitini, na Twiga ni mhitimu. Likizo ya mwaka huu Shangazi aliisogeza mbele ili asituache na mitihani. Mjukuu ameshaanza kutembea, na sweta limemwia dogo kabla hajamwona aliyelifuma. Huko ndiko anakohamia, nasi, tukisema ukweli, tunamwonea kijicho mtoto huyo.

Jumamosi iliyopita tulikuwa tukifungasha. Tulikunja mashuka, tukabandua picha kutani. Shangazi akaja kusimama mlangoni, akatutazama kitanda hadi kitanda.

"Jamani, mbona kimya hivi?" akasema. "Pigeni kelele kidogo, nisikie."

Tulijaribu. Mmoja akaanza wimbo, akauachia njiani, na Shangazi akageuka akaenda zake bila kutazama nyuma.

Asante, Shangazi, kwa ukali uliotunyoosha na kwa mikono iliyotupokea. Mungu akupe afya na magoti yenye nafuu, na nyumba unayoiendea isipungukiwe kelele hata siku moja.