Utepe Mwekundu Kisimani

Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, mpimaji wa maji alifunga utepe mwekundu kwenye kisima kilicho nyuma ya kijiwe. Kipimo chake, kidogo kama simu, kilisoma mikrogramu sitini na nne kwa lita. Mwisho unaoruhusiwa ni kumi. Alisema ni madini ya risasi, akaenda kupima kisima cha mtaa wa pili. Kwenye benchi walibaki watatu: Kinyozi, Mstaafu na Fundi Betri, ambaye karakana yake inapakana na kisima. Mama Kahawa aliwamiminia kahawa ya maji ya kununua. Mjukuu wake wa miaka miwili alikuwa amelala kwenye mkeka.

— Kijiti cha kipimo chenyewe nimekiona, alisema Kinyozi. Kimepakwa unga mweusi. Unachovya unga wako majini, halafu unasema maji yana sumu. Hapo nani kaitia?

— Mpimaji kaniambia ule unga una vitundu kama sifongo, alisema Mama Kahawa. Risasi inanasa humo, umeme unaing'oa, kipimo kinahesabu.

— Na wewe ukameza, alisema Mstaafu. Nimekaa ofisini miaka thelathini. Kipimo chake kina antena. Kipimo cha maji antena ya nini? Kile kinapima kiwanja. Subiri uone mabati yakizungushwa hapa.

— Mzee kagusa penyewe, alisema Fundi Betri. Wanataka tuhame. Leo kisima, kesho watasema hewa.

— Keshokutwa nywele, alisema Kinyozi. Wataziokota kwangu sakafuni, wajue nani kala nini.

— Nyinyi chekeni, alisema Mama Kahawa. Huyu mjukuu wangu, uji wake ni maji ya pale tangu aachishwe ziwa. Wiki ya tatu hii anashika tumbo. Nimwamini nani?

— Tuamini sisi, shemeji, alisema Fundi Betri. Yule umemjua leo.

Dereva wa lori la mchanga, mgeni kijiweni, alikuwa amesimama akisubiri kikombe.

— Samahani, fundi, alisema. Betri ukishaipasua, yale maji ya ndani yenye risasi unayamwaga wapi?

Kinyozi alimtazama Mstaafu. Mstaafu alitazama kikombe chake. Fundi Betri alisema ana mteja anamsubiri, lakini hakuinuka.

Saa tano na nusu Mama Kahawa alizima jiko, akambeba mtoto mgongoni, akaenda zahanati. Daftari la mapokezi linaonyesha alifika saa sita kasoro dakika kumi. Mtoto alitolewa damu. Majibu hayajatoka.