Mama Dhahabu na Gramu Thelathini Zisizo Zake

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Dhahabu Kaingu anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa na miezi mitatu hapa karakanani Chaani. Aliingia Agosti 1996 kama mfagiaji. Leo anatoka akiwa mpimaji mkuu wa viungo, cheo alichokifanyia kazi miaka kumi na mitano kabla ya mtu ofisini kukumbuka kukiandika.

Kwa wageni wetu wa leo: sisi hutengeneza visahani vya kauri. Ukikibana kisahani, kinatoa umeme. Ukikipa umeme, kinatikisika. Siri haiko kwenye unga mwingi, iko kwenye kiungo kidogo. Katika kilo kumi za unga, Mama Dhahabu hutia gramu themanini za madini ya niobi, na kauri inalegea ndani, inasikia hata mnong'ono wa maji yanayovuja kwenye bomba chini ya ardhi. Ukitia chuma badala yake, kauri inakaza. Haisikii sana, lakini inatikisika kutwa nzima bila kuchemka, na ndiyo tunayouza kwa ajili ya beseni za kuoshea vifaa vya hospitali. Mama husema ni kama chumvi kwenye mchuzi: sufuria ni kubwa, kijiko ni kidogo, na lawama zote ni za kijiko.

Lawama zilikuja Machi 2024. Visahani 1,200 vya kusikiliza mabomba vilirudishwa na mteja. Mita ya usikivu ilitakiwa isome 450, ikasoma 330. Mteja alitupa wiki tatu za kutafuta chanzo. Ofisi haikuhitaji hata siku tatu: Mama Dhahabu alipewa barua ya onyo kwa uzembe wa vipimo, akaondolewa mizanini, akarudishiwa ufagio. Mwanamke aliyebakiza miezi ishirini tu kustaafu! Alimwambia meneja wetu, Bwana Masha, mbele yetu sote: "Baba, mimi nikikosea gramu moja silali. Hizo nyingi hivyo ningekuwa nimekufa."

Hakulia, wala hakwenda kulalamika getini kama baadhi yetu. Alikuja chumba cha vipimo, ninakofanyia kazi, akaniambia, "Bonface mwanangu, usibishane na karatasi. Washa mita." Saa ya chakula, siku nne mfululizo, alichanganya vibechi vitano vya niobi, kila kimoja na kiasi tofauti cha chuma. Vilipotoka tanuruni nikavipima. Bila chuma: 452. Sehemu moja katika elfu: 410. Mbili: 368. Tatu: 331. Nne: 290. Visahani vilivyorudishwa vilikaa palepale kwenye tatu. Maana yake, kila bechi ya kilo kumi ilikuwa imekula gramu thelathini za chuma, na stoo haikuwa imetoa hata chembe.

Basi chuma kilitoka wapi? Hapa nami niungame. Tuna mapipa mawili ya kusagia unga. Lenye gololi za chuma lilikuwa jekundu, ni la kauri ngumu. Lenye gololi za kauri lilikuwa jeupe, ni la kauri laini. Februari ile wageni wa bodi walikuwa wanakuja, ofisi ikaagiza kila kitu kipakwe buluu ili pawe nadhifu. Brashi mojawapo niliishika mimi. Wageni walisifu sana. Kesho yake unga wa niobi ukasagwa kwenye pipa lisilo lake, gololi zikiwa zimefunikwa na uji wa unga, hakuna aliyeziona.

Mama alikuwa na desturi tuliyoicheka miaka yote: kila mwezi hupima gololi za chuma kama mtu anayepima mayai ya kuuza. Daftari lake, kabla ya rangi ile ya buluu, lilisema kilo 12.640. Tukazipima mbele ya Bwana Masha: 12.520. Gramu mia moja na ishirini zimelika, bechi nne, thelathini kila moja. Bwana Masha alipiga hesabu kwa simu mara tatu, kisha akavua kofia.

Mapipa yalirudishiwa rangi zao, bechi mpya ikasoma 449, mteja akabaki. Mama akarudi mizanini. Lakini ile barua ilibaki kwenye faili lake miezi kumi na tisa, na kila nilipouliza niliambiwa inashughulikiwa. Sitaki kuharibu sherehe, nasema tu kwamba chanzo kilipojulikana, mteja alijibiwa kwa siku moja.

Jumanne wiki hii imefutwa. Bwana Masha aliingia chumba cha mizani mwenyewe, akasimama, akaisoma barua ya kuifuta mbele ya kila mtu, na akaomba radhi. Mama alivaa miwani, akaisoma tena polepole, akairudisha: "Umeandika bechi tatu, baba. Zilikuwa nne." Ikachapwa upya. Ndipo akaipokea.

Lynnette, aliyefundishwa naye kwa miaka miwili, anashika mizani Jumatatu. Hupima gololi bila kukumbushwa.

Mama Dhahabu, ahsante kwa subira na kwa ukali wako. Unakwenda nyumbani Kaloleni na faili safi, kama ulivyostahili tangu mwanzo. Mungu akupe afya na miaka mirefu ya raha, na wajukuu wakusikie ukiitwa mpimaji mkuu.