Mguu Wangu Ulivuka Mpaka Bila Mimi

Bwana asifiwe! Mbona mnaitika ni kama chai haijaiva? Tena. Bwana asifiwe! Haya, sasa najua niko na watu.

Wengi mnanijua, mimi ni ule kijana wa kusukuma troli ya smokie, zile soseji za barabarani, hapa Free Area. Mwenye kelele. Nimeambiwa nitoe ushuhuda na nisitaje mtu jina, na mathe, mama kiongozi wetu hapa kanisani, hapo mbele amenikazia macho juu ya vile ananijua. Mathe, tulia. Sitataja mtu. Lakini wenye wanajijua watajijua.

Nilikuwa napakia viazi Keringet. Shule niliachia darasa la nane, na gunia haiulizi cheti. Siku moja mvua imenyesha, lori ikateleza ikarudi nyuma, mimi niko katikati yake na ukuta wa stoo. Nikaletwa Nakuru, mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti. Nikatoka hosi nikaenda kukaa kwa dadangu Bondeni, chumba moja na watoto wake. Ndugu zangu, nawaambia, chakula ya mtu ukiwa umekaa tu siku nzima inakuwa chungu hata kama ni nyama.

Ndio wakakuja watu wa ile klabu ya misaada. Si mnawajua, wale wa vesti za bluu na kapini kwa kola. Siwezi danganya, wamefanya makubwa. Wamechimba visima, wametibu watu macho bure, na si hapa tu, wanapeleka msaada hadi nchi za majirani. Wenzao wa ng'ambo walikuwa wamewatumia sanduku za miguu ya bandia. Mitumba. Tukajaribishwa kama viatu sokoni: vaa hii, toa, vaa ile. Yenye ilinitosha ilikuwa pinki. Mimi na hii rangi yangu ya makaa, halafu goti kushuka chini mzungu! Watoto wa dadangu walicheka wakalala chini. Ilikuwa inanifinya, lakini nilisimama, na mikono zote mbili zikawa huru, nikapata kazi ya kusukuma troli ya mtu.

Hapo mnielewe vizuri. Troli ya smokie inasukumwa na mikono mbili. Mtu wa magongo hawezi. Kwa hivyo bila hiyo mguu hakuna troli, na bila troli narudi kwa kiti ya dadangu nikiangalia mabati.

Sasa hawa watu walikuwa na desturi. Kila wageni wa ng'ambo wakikuja, napigiwa simu. "Kijana, kuja na magongo. Mguu ulete kwa gunia." Nafika, mguu inawekwa kwa meza na maua kando, chairman wao anahutubia, halafu napewa. Mguu yangu! Yenye nimetoka nayo nyumbani! Nashukuru, napigwa picha chini ya bango yao. Hao wageni wakienda, wengine wanakuja, napewa tena. Nikawa nimebarikiwa miguu kama tandu.

Chekeni tu. Hata mimi nilikuwa nacheka. Lakini nikimwambia chairman, "Mzee, inanikata hapa, kumetoka kidonda," ananiambia, "Vumilia, wageni wakuje kwanza."

Mara ya mwisho wakasema niiache mapema waing'arishe. Nikaiacha. Wageni nao wakachelewa, leo, kesho, leo, kesho. Mwenye troli akaniambia, "Boss, mimi nakupenda, lakini smokie haingojangi wageni." Akapea mtu mwingine kazi.

Siku ya sherehe nafika na magongo, dereva wao ananivuta kando. "Bro, usipige nduru. Mguu yako ilipakiwa jana na zile za msaada wa nje."

"Nje wapi?"

"Nje nje. Imeshavuka mpaka. Ilikuwa imeng'arishwa, wakadhani ni mpya."

Ndugu zangu, mguu yangu imetoka Kenya! Mimi mwenyewe sijawahi fika hata Busia hapo mpakani.

Na hotuba imeshaanza. Jina ikaitwa, nikaenda mbele. Chairman akaniwekea kitu mkononi, akaninong'onezea, "Shika tu, ni ya picha." Nikaangalia. Mguu wa kushoto. Na wa kushoto ninao, Mungu alinipea, haujawahi nisumbua!

Mama mmoja mgeni, mzee hivi, akauliza mbona sivai. Chairman akamwambia ati naona haya. Mimi! Haya! Nikamgeukia huyo mama na Kingereza yangu ya darasa la nane: "Madam, this is left. Me, my problem is right." Halafu watu wawili huko nyuma wakapiga makofi, juu walikuwa wameambiwa nikimaliza kuongea wapige.

Huko nje chairman akaniambia, "Umetuaibisha mbele ya watu wanatusaidia."

"Mzee, na mguu yangu?"

"Mtu hana shukrani hasaidiki." Akafunga mlango ya gari.

Hapo ndio nilianguka. Si siku ya lori, hiyo siku. Nilirudi Bondeni nikalala nikiangalia ukuta. Mizaha ikaisha. Dadangu alijua ni mbaya venye nilikunywa chai yake bila kuitusi kama kawaida yangu.

Mwenye alinifuata ni mama mmoja wa hiyo hiyo klabu. Alikuja bila vesti. Akaketi kwa kitanda akauliza, "Inakuuma wapi?" Hakuna mtu alikuwa ameniuliza hivyo. Akaniambia kuna hospitali inatengeneza mguu ya kupimwa, lakini foleni ni ndefu. Akakuja kwa mathe wetu, na mathe akanijia: "Wewe kelele, amka!" Na nyinyi mkanishikia foleni kwa zamu, wengine mkiwa na magongo yenu. Hiyo siwezi fanyia mzaha. Nikapimwa, nikatengenezewa yangu. Si mrembo, lakini haikati. Mathe akaenda kugombana na mwenye troli mpaka nikarudishwa. Mathe, asante. Nyote, asante. Dadangu, asante, na chai yako bado ni mbaya.

Klabu pia nawashukuru, juu ile pinki ndio ilinisimamisha kwanza. Lakini sitawadanganya hapa ndani ya kanisa ati nimesamehe. Bado ni chungu.

Na somo ni hii, na ni yetu. Jumamosi tunapelekea ule shosho, nyanya mzee wa kule Bondeni, blanketi. Nimeona tumechapisha bango. Tena nimeskia mtu akisema ile blanketi shosho alipewa na jirani tuifiche kwanza, ndio yetu ionekane kwa picha. Ndugu zangu! Blanketi nitabeba mimi, mguu ninao. Bango tafuteni mtu mwingine wa kushika. Na shosho akishajifunika, tutoke tufunge mlango, tumwache alale.