Viti Viwili vya Kusahau

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, nimesukumiwa karatasi hii kwa sababu wenye sauti nzuri kuliko yangu wamelia hadi zimekauka, basi mnivumilie.

Kaka yangu, mliyemwita Mzee wa Viti, alizaliwa tarehe 4 Machi 1957, kifungua mimba wa mama mkulima na baba seremala, akasoma shule ya msingi hadi mwaka 1971, akaishia hapo ili mimi niendelee. Mama alipofariki mwaka 1979, watu walikaa juu ya mawe na ndoo, bibi yetu akasimama mpaka miguu ikavimba, na kaka, wakati huo fundi wa kuchomelea vyuma, akaapa kwamba mtaani kwetu hatazikwa tena mtu huku wazee wamesimama. Mwaka 1983 alifungua duka la kukodisha viti na maturubai, harusi kwa malipo, misiba bure, na fundi aliyemshonea turubai la kwanza ndiye aliyefunga naye ndoa tarehe 14 Desemba 1985, shemeji yangu huyu aliye mbele yenu.

Walijaliwa binti mmoja, mwaka 1988, ambaye aliugua ghafla akisomea uuguzi, akafariki Agosti 2009. Jioni ya maziko vijana wake wa dukani walikunja viti, wakavipakia garini kama kawaida yao, na kaka aliniambia kwamba alipouona uwanja ule mtupu ndipo alipojua amefiwa. Tangu hapo, kila msiba aliacha viti viwili nyumbani kwa mfiwa, akijidai amevisahau, na kesho yake alibisha hodi kwamba amefuata viti, akakaa kimoja, mfiwa kingine, wakazungumza hadi jua kuzama, kisha akaondoka mikono mitupu ili apate sababu ya kurudi. Wengi wenu mlimcheka kwamba uzee umemwingia kichwani, ninyi hao hao aliowasahaulia.

Mwaka 2018 halmashauri ya mji ilimtunuku ngao kwa kuitumikia jamii maisha yake yote, na yeye, hotuba zilipokwisha, alivua koti la suti akaanza kukunja viti, maana vilikuwa vyake, na ngao yenyewe akaigeuza kizuizi cha mlango wa stoo usipigwe na upepo.

Januari mwaka huu aligundulika ana saratani ya ini, imekwisha kusambaa, akafariki Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe. Tuliomba sana, hatukupewa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kufua, wafanyabiashara wenzake mliofunga maduka leo, na vijana wake waliosimamisha turubai hili huku wanalia.

Jioni vijana watakusanya viti, na viwili vitabaki mlangoni kwa shemeji, kama alivyowafundisha. Kesho kutwa mimi narudi ninakoishi, mbali, ninyi mna shughuli zenu, na aliyekuwa akivifuata viti ndiye huyu tunayemzika, kwa hiyo shemeji atakaa kimoja akitazama kingine, na mimi najiuliza nani atabisha hodi.

Pumzika kwa amani, kaka, maana sisi huku hatuna.