Aliyejibu Hodi

Mwamini: Haloo? Taja jina kwanza.

Nasma: Haloo... Mama?

Mwamini: Nimesema taja jina. Namba hii siijui.

Nasma: Nasma. Nasma Haruna, wa Gungu. Shikamoo mama. Mama? Shika—

Mwamini: Marahaba. Marahaba mwanangu. Uko wapi wewe? Tangu juzi magharibi natafuta kila uchochoro! Hiyo simu ya nani?

Nasma: Ya Mwanvua, yule muuza mihogo ya kukaanga. Kaiacha huku ghalani. Mwenyewe kaondoka na boti ya jana.

Mwamini: Mwanvua naye kaumwa?

Nasma: Begani. Nilimkuta huku akilia. Tumelala wote siku moja.

Mwamini: Ghala gani?

Nasma: Lile la dagaa huku Kibirizi, lililofungwa. Lina giza zuri.

Mwamini: Giza zuri. Jisikie unavyosema.

Nasma: Ndiyo hivyo mama. Mwanga unaniunguza. Jana nilipitisha kidole kwenye tundu la bati, kikatoka lengelenge kama nimeshika kikaango.

Mwamini: Umepaka nini?

Nasma: Mama!

Mwamini: Nimekuuliza umepaka nini.

Nasma: Mate.

Mwamini: Mate! Miaka kumi na saba mtoto analelewa nyumba ya afisa afya, akiungua anapaka mate.

Nasma: (anacheka kidogo) Nilijua utasema hivyo.

Mwamini: Usicheke. Umekula?

Nasma: Nilipata ndizi mbili. Nikazitapika.

Mwamini: Na... kile kingine?

Nasma: Bado. Wallahi mama, sijamgusa mtu. Kuna paka alipita hapa asubuhi—

Mwamini: Sitaki kusikia habari za paka.

Nasma: Nilimwacha aende. Ila nilimfikiria sana. Ni kama Ramadhani, halafu futari hupewi. Meno nayo yanauma, haya mawili ya pembeni. Yameshuka.

Mwamini: (mkwaruzo) —mefika wapi?

Nasma: Unasemaje? Mtandao unakwaruza.

Mwamini: Nimesema yameshuka mpaka wapi? Yanagusa mdomo wa chini?

Nasma: Yanagusa. Ni mbaya, eh?

Mwamini: Ni siku ya tatu. Ya tatu huwa hivyo. Sasa nisikilize, sitarudia. Saa hizi ni kumi na moja na dakika arobaini. Boti ya Kamati inaondoka hapo mwaloni saa kumi na mbili kamili. Uende.

Nasma: Mama, mimi—

Mwamini: Jua likizama ukiwa bado huku, hutakuwa Nasma tena. Utakuwa mumiani kamili, utamrukia wa kwanza utakayemwona. Na vijana wa Kamati wanazunguka na mikuki. Ukienda boti ya leo, ng'ambo kule wanakupa chupa ya damu kila juma. Watu wanaishi.

Nasma: Wanaishi, lakini harudi mtu.

Mwamini: Wanaishi.

Nasma: Unanifukuza, mama?

Mwamini: Nakwambia saa. Mimi nikikwambia saa, nakufukuza?

Nasma: Nataka kuja nyumbani.

Mwamini: Nasma.

Nasma: Sisemi nikae. Leo tu. Nilale chini ya kitanda changu, shuka inafika mpaka sakafuni, mwanga haupiti. Siwezi kuvuka kizingiti mpaka mtu anikaribishe. Nilijaribu jana alfajiri.

Mwamini: Jana ulifika hapa?

Nasma: Nilifika mlangoni kabisa. Mguu ukagoma. Nyumba yetu, nimejifunza kutembea humo, na mguu umegoma kuingia kama kuna ukuta.

Mwamini: Mbona hukupiga hodi?

Nasma: Niliogopa mtaitikia. Mama? Upo?

Mwamini: Nipo. (Saad, toka hapo. Nenda kachore. Nimesema nenda.) Nipo.

Nasma: Kamati wamekuja?

Mwamini: Mara mbili. Wamepaka chokaa mlango mzima. Majirani wanapita upande wa pili wa barabara, hata salamu hawatoi. Mtu niliyemzalishia mkewe chini ya tochi anageuza shingo.

Nasma: Wameuliza nani aliyejibu hodi?

Mwamini: Wameuliza.

Nasma: Ukasemaje?

Mwamini: Nimesema sijui. Wameandika "inachunguzwa".

Nasma: Sawa.

Mwamini: Si sawa. Nasma, kuna jambo lazima ulisikie kwangu.

Nasma: Si lazima, mama.

Mwamini: Nyamaza nimalize, nikisita sitasema tena. Juzi umeme ulikatika, unakumbuka. Nilikuwa jikoni nageuza samaki wa migebuka, mawese yanarukaruka, mdogo wako Saad ananilalamikia njaa. Mtu akabisha barazani. "Hodi hodi, wenyewe mpo?" Sauti nzuri, ya mtu mzima, kama ya mtu wa msikitini. Na mimi—

Nasma: Mama, basi.

Mwamini: —mimi niliyezunguka kata nzima na bango! "Hodi haijibiwi. Kwanza taja jina." Nimesimama kwenye vyumba vya madarasa, nimesimama sokoni, nimewafundisha vikongwe mpaka wakanichoka. Shuleni kwenu wakakupa jina—

Nasma: Mtoto wa Mama Hodi.

Mwamini: Eeh. Huyo Mama Hodi mwenyewe, hata kichwa sikugeuza. Miaka arobaini na minne mdomo umezoea. Mtu kasema hodi, nikasema karibu. Nikasema pita ndani, keti, chakula kinaiva. Wewe ulikuwa sebuleni unatafuta mshumaa, akakuuma wewe.

Nasma: Najua.

Mwamini: Unajua nini?

Nasma: Najua ni wewe. Nilikusikia. Nyumba yenyewe vyumba vitatu mama, nisikusikie vipi?

Mwamini: (anavuta kamasi)

Nasma: Mama, usilie.

Mwamini: Silii. Nina moshi machoni.

Nasma: Saa hizi hujawasha jiko.

Mwamini: Nimesema moshi!

Nasma: Haya. Moshi.

Mwamini: Na Esther je? Esther wa nyumba ya nne aliitikia hodi akiwa na usingizi. Nani aliyejaza fomu yake? Mimi. Kalamu hii hii. Wakampeleka Nyumba ya Damu, wanamkamua chupa kwa chupa kulisha walio ng'ambo. Mwezi wa tano huu, mumewe hajaletewa hata kanga yake. Nikamwambia mumewe, "Sheria ni sheria, shemeji." Nilimwambia hivyo nikiwa nimesimama mlangoni kwake.

Nasma: Ulikuwa unafanya kazi.

Mwamini: Kazi. Basi kesho naenda mwenyewe nijaze na yangu.

Nasma: Hapana. Na Saad?

Mwamini: Saad ataenda kwa mjomba wake Isaka, Ilagala.

Nasma: Mjomba Isaka ana watoto tisa na ulevi. Mama, usinifanyie hivyo.

Mwamini: Au njoo.

Nasma: Unasema?

Mwamini: Njoo nyumbani. Nimeshafikiri. Saad nampeleka kwa jirani sasa hivi. Chumba chako napiga mbao dirishani, misumari ninayo. Utakunywa yangu. Chupa moja kwa juma mtu mzima hafi akila vizuri, nimesoma hayo, nina cheti. Nitakula maini, nitakula mchicha—

Nasma: Mama, hao majirani si wanageuza shingo?

Mwamini: Nitawalazimisha! Lowanisha turubai ujifunike, upite njia ya nyuma. Ukifika huna haja ya kupiga hodi. Nakuambia sasa hivi, kwenye simu hii hii. Nasma mwanangu, kari—

Nasma: Usimalize! Mama! Usilimalize hilo neno!

Mwamini: Nyumba ni yangu!

Nasma: La kwenye simu linahesabika! Umeliandika mwenyewe, mstari wa mwisho wa bango, kwa wino mwekundu!

Mwamini: Najua nilichoandika!

Nasma: Basi nyamaza! (mkwaruzo mrefu) ...Samahani. Samahani mama. Sijawahi kukwambia unyamaze.

Mwamini: Nimenyamaza.

Nasma: Saad yuko wapi?

Mwamini: Yuko chumbani anachora.

Nasma: Hayuko chumbani. Amekuegemea.

Mwamini: Umejuaje?

Nasma: Namsikia. Si sauti yake, hajasema kitu. Nausikia moyo. Unakwenda mbio mbio kama wa kifaranga. Ana mafua, si ndiyo? Damu yake ina joto kidogo.

Mwamini: Homa imemwanza mchana.

Nasma: Nimejua hayo nikiwa Kibirizi, mama. Kwa simu. Na tangu dakika ile mate yananitoka. Umeelewa?

Mwamini: Nimeelewa.

Nasma: Ukinikaribisha mimi, jua likizama anaingia yule mwingine. Hizo mbao zako zitazuia mwanga tu.

Mwamini: Nimekwambia nimeelewa.

Nasma: Saa ngapi sasa?

Mwamini: Kumi na mbili kasoro robo.

Nasma: Nakwenda kwenye boti. Mama, nimesema nakwenda. Sema kitu. Hata unigombeze.

Mwamini: Umevaa nini miguuni?

Nasma: Sina kitu. Nilikimbia bila ndala.

Mwamini: Hapo ghalani hakuna hata gunia? Chana gunia, funga miguu. Mchanga una moto mpaka saa hizi. Turubai umeliona?

Nasma: Lipo. Lina magamba ya dagaa.

Mwamini: Magamba hayaui mtu. Lowanisha. Funika kichwa kwanza, halafu mikono. Jua limefika wapi?

Nasma: Kuna wingu zito juu ya milima ya Kongo. Limelimeza nusu.

Mwamini: Vizuri. Toka sasa, kabla halijalitema.

Nasma: Mama.

Mwamini: Nini tena?

Nasma: Mgeni akiondoka kwetu, hata awe wa dakika tano, unatoka naye mpaka kwenye ule mpera. Kila mtu. Hata yule wa kusoma mita.

Mwamini: Ndiyo.

Nasma: Nisindikize na mimi.

Mwamini: Weka simu sikioni, ndani ya turubai. Usiikate hata kidogo. Haya. Nimesimama. Nimevaa kandambili. Natoka.

Nasma: Nami natoka. Aaah!

Mwamini: Nini?

Nasma: Mkono. Limenipata kwenye kiwiko. Nimeurudisha ndani.

Mwamini: Usitazame juu. Tazama miguu yako. Kuna nini mbele?

Nasma: Nyavu. Wamezianika.

Mwamini: Zipite kushoto. Sasa?

Nasma: Wanawake wanne wamekaa na mabeseni. Wameniona. Wanakusanya vyombo... wanakimbia. Mama, mmoja ni mama yake Ikram. Nimekula kwake Idi iliyopita.

Mwamini: Mwache akimbie. Ana watoto. Tembea.

Nasma: Natembea.

Mwamini: Niko na wewe. Hapa nimefika kwa fundi baiskeli, nakwenda tu. Watu wananishangaa.

Nasma: Wakisemaje?

Mwamini: Wanasema Mama Hodi amerukwa na akili. Wacha waseme. Sasa?

Nasma: Naona boti. Kuna watu kama ishirini wamepanga mstari, wote wamejifunika. Kuna mzee kajifunika mkeka. Kuna mwingine yuko ndani ya pipa, anatembea nalo. (anacheka, anakohoa) Mama, ungeona. Pipa lina miguu.

Mwamini: Huyo ana akili. Kaa nyuma yake, upate kivuli. Ukifika ng'ambo usikae na wanaume. Mtafute Mwanvua, ulale naye. Chupa wakikupa, kunywa kidogo kidogo, usiinamishe kama soda. Na kiwiko hicho kioshe kwa maji safi. Si mate.

Nasma: Si mate.

Mwamini: Na wakikuuliza nani alijibu hodi, sema ukweli. Sitaki ubebe mzigo wangu mpaka ng'ambo ya ziwa. Umenisikia?

Nasma: (mkwaruzo)

Mwamini: Nasma, umenisikia?

Nasma: Simu imelia tiii. Nadhani salio linaisha.

Mwamini: Nimekuuliza—

Nasma: Nimefika, mama. Ngoja. (sauti ya mwanamume, kwa mbali: "Wewe wa turubai, simama hapo hapo. Jina?") Nasma Haruna. ("Kata?") Gungu. ("Siku ya ngapi?") Ya tatu. Leo.

Mwamini: Mpe simu huyo mtu.

Nasma: Ngoja, mama. ("Nani alijibu hodi?")

Mwamini: Mwambie! Mwamini Abdulkarimu, afisa afya, ananijua! Mpe simu nitamwambia mwenyewe—

Nasma: Mimi.

Mwamini: Uongo! Baba, unanisikia? Usiandike! Nasma, mpe simu!

Nasma: Nilijibu mwenyewe. Nilikuwa sebuleni natafuta mshumaa, mtu akasema hodi, nikasahau nikamwambia karibu. ("Mama yako alikuwepo?") Alikuwa uani. Hakusikia kitu.

Mwamini: Nasma...

Nasma: Ameandika, mama. Ameshapiga na muhuri. Sikiliza, watakuja kesho kukuhoji, maneno yafanane. Ulikuwa uani.

Mwamini: Siwezi.

Nasma: Unaanua nguo. Umeme umekatika, unaanua nguo. Sema.

Mwamini: Mwanangu, siwezi kusema hilo.

Nasma: Saad ana homa, mama. Imelia tena, hiyo tiii. Sema haraka. Ulikuwa wapi?

Mwamini: (kimya)

Nasma: Mama Nasma! Ulikuwa wapi?

Mwamini: Nilikuwa uani.

Nasma: Ukifanya nini?

Mwamini: Naanua nguo.

Nasma: Haya. Haya, mama. Rudi sasa, umesindikiza vya kutosha, giza lisikukute njiani. Wananipa mkono nipande, maji ni ya bari—

Mwamini: Nasma? Haloo? Nasma?