Baba Yenu Alikufa Akinihurumia

Sogezeni viti, wanangu, mkae mahali ninapoweza kuwaona bila kugeuza shingo, maana shingo nayo imeanza kunisusa. Mkubwa, kaa hapa mbele, na dada yako kando yako. Kitinda mimba, wewe na mkeo kaeni kitandani, miguuni pangu, na mkamwana asitoke kwenda kuchemsha chai, kwa sababu mengi ya maneno haya yanamhusu yeye. Mtu asinikatize. Pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema mara moja tu.

Mnajua kwamba bekari niliianza mimi, baba yenu akiwa bado anaendesha malori ya watu, na nyinyi mmekula, mmevaa na mmesoma kwa mikate iliyopita mikononi mwangu. Sisemi haya kuwasimanga. Nayasema kwa sababu ilipofika siku ya kunihukumu mliyasahau.

Ilianza kwa mikate kuharibika. Leo inatoka myeusi juu na mibichi ndani, kesho inatoka myeupe kama haikuona moto, kesho kutwa iko sawa. Mimi niliweka joto lile lile la siku zote, na kioo cha oveni kilionyesha namba ile ile. Wateja wakaanza kurudisha mikate, na mwenye hoteli ya kona akaacha kuchukua kwetu. Ndipo wewe, mkubwa, uliposema mbele ya wafanyakazi, nami nimesimama pale na unga mikononi, "Mama amezeeka, anasahau." Ulisema kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma, kwa sababu mtu akikugombeza utamjibu, lakini akikuhurumia utamjibu nini?

Neno likatoka bekari likaingia nyumbani. Nikitafuta miwani, mnatazamana. Nikimwita mjukuu kwa jina la mwenzake, jambo ambalo kila bibi hulifanya, mnaguna. Mkanipeleka kwa daktari, akaniuliza leo ni siku gani na nimezaa watoto wangapi, nikamjibu yote, akasema haoni tatizo. Mkatoka pale mkisema ugonjwa wa namna hii huanza kwa kujificha. Msema pweke hakosi.

Hayo ningeyameza. Nisiloweza kulimeza ni la baba yenu. Alikuwa ameshalala kitandani kwa ugonjwa wa kifua, hainuki, nanyi mkaenda mkakaa kando ya kitanda mkamwambia. Tangu siku ile hakutaka niwashe jiko. Nikimpa dawa alisubiri nigeuke, amuulize mkamwana kama ndiyo yenyewe. Mwanamume niliyelala naye ubavu kwa ubavu tangu ujana wetu akawa anaogopa kijiko mkononi mwangu! Siku moja alinishika mkono akasema, "Usiogope, mke wangu. Nimeshampa mkubwa funguo zote, hutahangaika." Alikuwa analia. Aliililia akili yangu, nami nilikuwa nayo yote, nimekaa namtazama. Haukupita muda akafa. Alikufa akinihurumia, akidhani nyuma yake anaacha kichaa.

Wewe mkubwa ukashika bekari, na mikate ikaungua mikononi mwako vile vile, lakini hukuja kuniambia. Ukabadilisha unga. Ukamwangushia jumba bovu mkandaji wangu, mtu aliyekanda nami tangu wewe unatambaa, ukamfukuza. Mimi mkanifungia hapa, na mkamwana mkamweka anichunge nisiguse moto.

Kikulacho ki nguoni mwako, na kikuponyacho pia. Huyu mliyemweka kuwa jicho lenu, asubuhi moja akiwa ananisuka alisimamisha mikono akasema, "Mama, nimekaa nawe muda wote huu sijaona unachosahau. Kwa nini haijapimwa oveni?" Katika nyumba nzima, yeye ndiye wa kwanza kuuliza.

Tukaenda siku ya mapumziko, bekari imefungwa, kwa ufunguo aliouomba mkamwana kwa kisingizio cha kufagia. Tukatundika kipimajoto katikati ya oveni, tukaiwasha tukangoja joto litulie. Kioo kilisema joto ni la mikate. Kipimajoto kilisema ni la kuchoma mifupa. Tukangoja tena, namba ya kioo haikusogea, maana kioo huonyesha ile uliyoiweka tu, lakini mshale wa kipimajoto ulikuwa unashuka. Ndani kule, kwenye ukuta wa nyuma, kuna kijiti cha chuma chembamba kama kalamu wanachokiita sensa, nacho ndicho kinachoiambia oveni joto limefika wapi. Kwanza tulitazama kama kinagusa ukuta au trei, maana kikigusa hudanganyika. Hakikugusa. Tukazima umeme kwenye swichi kubwa, tukaiacha oveni ipoe, tukafungua skrubu zake, nikauvuta waya taratibu na kuufunga kwa uzi usije ukatumbukia nyuma ya ukuta. Mkamwana aliazima mita ya kupimia waya kwa fundi redio. Sensa isiyo na hitilafu, ikiwa baridi, namba yake kwenye mita hutulia, na ukiipasha joto hupanda polepole. Ya kwetu, kila nilipotikisa waya, namba iliruka juu, ikaanguka, ikaruka tena. Ganda la waya lilikuwa limeungua pale unapoingia kwenye chuma. Waya zinazokwenda kwenye bodi, ule ubongo wa oveni, tulizipima pia, zilikuwa nzima.

Mkamwana alidhani nitacheka. Nilikaa sakafuni na kile kijiti mapajani, nikalia. Kitu kidogo namna ile! Laiti mtu mmoja angekipima kabla baba yenu hajafumba macho.

Tukatafuta sensa mpya ya aina ile ile, tukaifunga, tukaoka, tukawaita. Mikate ilitoka kama ya zamani. Mkubwa, ulimega, ukatafuna, ukasema, "Kumbe ilikuwa oveni." Kisha ukaomba siagi. Basi, hayo ndiyo maneno yote niliyopata. Nilipokudai funguo, ukasema baba alishaamua, na neno la marehemu halipanguliwi.

Sasa nami ni marehemu mtarajiwa, kwa hiyo langu nalo msilipangue. Bekari, pamoja na oveni na kila kilichomo, ni ya mkamwana. Kitinda mimba, nimesema ya mkeo, si yako; ukitaka mkate, nunua. Nyumba hii ni ya nyinyi watatu, asiuze mmoja bila wenzake. Binti yangu, nguo zangu chukua wewe. Ulijua kwamba sina kichaa, ukanifuata jikoni ukaninong'oneza, "Mama, nyamaza tu yapite." Hayakupita, mwanangu, yalimpitia baba yako. Mkubwa, kiwanja cha nyuma ni chako, sikunyimi. Lakini mkandaji utamfuata kwake mwenyewe, kwa miguu yako, umwombe radhi mbele ya wanawe.

Siku ya kunizika, asisimame mtu kusema nilichanganyikiwa. Mniweke kando ya baba yenu. Nina maneno naye.

Nipeni maji... Inatosha. Inatosha, mwanangu, yananimwagikia.

Mungu awalinde. Awape afya, awape watoto watakaowauliza kabla ya kuwahukumu. Mkamwana, mikono yako isikose kazi wala chakula. Nawabariki wote... hata wewe, mkubwa. Ulitoka tumboni mwangu, nitakutoaje kwenye baraka yangu? Nimejaribu... nimeshindwa.

Mbona giza... hapana, msiwashe taa, acheni. Mkubwa, sogea. Midomo yako naiona inafunguka. Kama ni lile neno la kuniomba radhi, lilete sasa, usije ukaliambia kaburi. Sema, baba... bado nasikia.