Kona Iliyosubiri Mahakama

Shikamooni wazazi wangu mliokaa mbele, na wenzangu wa rika langu habari za tangu asubuhi. Mwenyekiti ameniambia nisimame niseme kidogo. Mimi kusema kidogo sijui, mnanijua, lakini leo nitajitahidi. Nashukuru nimefika hapa Kimuli kwa miguu yangu, na mkono huu nauinua mpaka juu kama mnavyouona.

Yaliyonipata yalianzia kwenye kona ya kibanja chetu, shamba letu la migomba la nyumbani. Waliowahi kupita njia ya kwetu wanaijua. Barabara inateremka, halafu inakata ghafla, na hapo hapo ndipo migomba yetu inapoanzia. Katikati ya migomba hiyo tulimlaza baba mkwe wangu. Mume wangu anafanya kazi mbali, watoto wameshakua wakaondoka, kwa hiyo nyumbani tuko wawili, mimi na mama mkwe. Macho yake yamefifia, anaona mwanga na vivuli tu. Lakini kila asubuhi alikuwa anashika mgomba huu, anashika ule, mpaka anafika kaburini. Anakaa, anamsalimu mume wake, anamweleza nani kajifungua, nani kaoa, kahawa imeivaje. Mimi jikoni namsikia, na wakati mwingine ananyamaza kidogo kama anayengoja ajibiwe.

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Gari dogo lilikuwa linatoka Murongo na mizigo yake, likafika kwenye kona, likateleza. Nilikuwa nakata majani makavu ya migomba. Nililiona likija taratibu kabisa, wala halina kelele, nami nimesimama nalitazama kana kwamba linakwenda kwa mtu mwingine. Likaangusha migomba, likanisukuma kwa ubavu, likasimama karibu na kaburi. Dereva akashuka, akasema, "Pole, mama." Nikamjibu, "Ahsante, karibu." Ndugu zangu, nawaambia, mtu amekuvunjia shamba na wewe unamkaribisha! Akili ilikuwa imeshaondoka.

Bega langu lilikuwa limeteguka. Wakanipakia kwenye pikipiki kunipeleka zahanati, na trafiki ndiyo kwanza amefika. Nilimsikia akisema kwa sauti, "Hapa pasiguswe na mtu." Maneno hayo niliondoka nayo, nikafungwa bega nayo, nikarudi nayo nyumbani. Nilikuta gari limeshavutwa, watu wametawanyika, na migomba imelala vilevile.

Mwanzoni dereva alikuwa mpole. Baadaye akageuka, akasema migomba ile ilikuwa imejifia yenyewe, gari lake halikuangusha kitu cha maana. Hapo nikafungua madai mahakamani. Moyoni nikasema, hakimu atakuja aone kwa macho yake. Basi nikawa mlinzi wa kona.

Shauri likapangwa, likaahirishwa. Mara shahidi hajafika, mara hakimu ana udhuru, mara hakimu amehamishwa na mgeni bado anasoma faili. Kahawa ikachumwa, ikaanikwa, ikachanua tena. Kila nikienda navaa kitenge kizuri, kila nikirudi kimejaa vumbi. Na ile migomba ikaoza palepale ilipolala. Wadudu wanaotoboa mashina wakazaliana humo, wakaanza kuhamia migomba mizima. Mikungu ikawa myembamba. Upepo ukipita kidogo tu, mgomba chini.

Majirani walikuja na mapanga yao wanisaidie, nikawarudisha. Mmoja, ambaye ni kama dada yangu, akaniambia, "Kibanja hiki kinatutia aibu sisi sote."

"Huo ni ushahidi," nikamwambia.

"Ushahidi gani unaota magugu?"

Nilimnunia, na yeye akaninunia, tukawa tunapishana kisimani kama hatujuani.

Nitawaambia jambo ambalo sijawahi kulisema. Asubuhi nilikuwa nakaa barazani, ukungu umejaa bondeni, na kona siioni vizuri. Basi naliona lile gari. Bado linakuja, taratibu vilevile, halijafika. Chai inapoa mkononi. Nilimuona na hakimu pia, amevaa mabuti ya mvua, anapita kwenye ukungu anahesabu migomba kwa kidole, na kila akikaribia kumaliza anasahau, anaanza upya. Sikuwa nimelala, nilikuwa nimekaa macho kodo. Jua likipanda vinaondoka, nami nashtuka asubuhi imekwisha na sijafanya kitu.

Na mama mkwe? Alijaribu kwenda kwa mume wake, akajikwaa kwenye mashina yaliyooza, akaanguka. Nikamwinua, nikamwambia, "Mama, vumilia mpaka kesi iishe." Akatii. Akawa anakaa mlangoni, uso ameuelekeza kule kwenye kona. Nyumba ikawa kimya.

Siku moja ninavaa niende mahakamani tena, akaniita. "Mwanangu, nikuulize. Pale kando ya mzee ndipo pangu, unajua?"

"Najua, mama."

"Sasa nikifa leo, na mimi nitaahirishwa?"

Wazazi wangu, nilitoka nje nikashika ukuta. Nililia njiani kote, dereva wa bodaboda akaniuliza kama nakwenda msibani. Uchungu wa lile swali la mama bado ninao mpaka leo.

Mahakamani wakaahirisha, kama kawaida. Safari hii sikuondoka. Nilikwenda kwa karani, binti wa umri wa mwanangu wa kwanza, nikamwambia, "Mwanangu, naomba ruhusa nisafishe shamba langu. Nina mzee nyumbani, hana pa kupita."

Akanitazama. "Ruhusa ya nini, mama? Nani alikukataza?"

Nikamweleza maneno ya trafiki. Akafungua faili, akanigeuzia. Mchoro wa kona yetu upo, vipimo vipo, picha za migomba iliyoanguka zipo, na kaburi linaonekana pembeni. Vyote vilichukuliwa siku ileile, mimi niko zahanati nafungwa bega. "Walikuwa wanazuia watu wasikanyage mpaka wapime," akasema. "Walipima wakamaliza. Wewe kalime, mama."

Sikujua nicheke au nilie. Nilifanya vyote viwili, pale pale dirishani, foleni inanitazama.

Nilipofika kwetu sikuingia ndani. Nilikwenda kwa yule jirani niliyemnunia, nikamwambia, "Nisaidie." Hakuniuliza hata swali. Alichukua panga, akawaita wengine, na kesho yake tulikata, tukang'oa vilivyooza, tukatandaza nyasi. Chini ya magugu tulikuta machipukizi mengi tu, mekundu na marefu. Tulipomaliza nikamshika mama mkwe mkono, nikamfikisha. Alipapasa kaburi, akakaa, akaanza, "Mzee, unisamehe, nimechelewa." Sote tukasogea pembeni.

Nawashukuru majirani zangu, na hasa yule dada, yupo hapa, ameinamisha kichwa. Namshukuru na binti wa mahakamani, hajui alichonifanyia. Shauri bado lipo. Sijaliacha na sitaliacha, maana ile ni haki yangu. Wakiniita nitavaa kitenge changu nitakwenda. Ila wewe unayesubiri chochote, kesi, mirathi, majibu ya mtu, usikae kama mimi umefunga mikono. Ingia ofisini uulize ni nani alikukataza kulima. Huenda alishamaliza kazi yake zamani akaenda kwao.

Mama mkwe anawasalimu. Nilimwambia twende wote leo, akakataa, akasema yeye ana habari za siku nyingi bado hajazimaliza. Nimemwacha kwenye kona, na mkeka wake, anamsimulia mume wake. Nikitoka hapa nitapita kumchukua, lakini sitamharakisha.